Mama Wakili na Mikorosho ya Mpakani

Kwenye arobaini ya Mama Wakili, nyumbani kwake Masasi, kila aliyetaka kusema neno alipewa dakika tano. Mimi nilisema ishirini, na hadithi yangu ilikuwa bado haijafika Newala, mwenye kipaza sauti akaninyang'anya. Sikukasirika. Wengine walisimama wakaeleza jinsi alivyokuwa hajui kuendesha pikipiki, na ni kweli hakujua. Jinsi alivyocheka mahakamani hadi hakimu akamwomba atoke nje akamalizie huko. Jinsi alivyotafuna muhogo mbichi huku amevaa joho. Watu walicheka mpaka mpishi wa pilau akaja na mwiko wake mkononi kusikiliza. Lakini hakuna aliyeieleza habari ya msitu wa chemchemi kama ilivyokuwa, kwa sababu aliyekuwemo tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi. Basi naiandika.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana bila mimi hadithi haiendi. Ni mtoto wa Mkunya, kijiji cha Newala. Niliondoka kwetu na shati moja, nikaenda Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na mitano nilibeba magunia, niliuza kahawa, nilifagia ofisi za watu ambao baadaye nilikuja kuwasahihishia ramani zao. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono mjini wala wa kuniandikia kimemo. Masomo ya jioni nilijilipia. Chuoni niliingia kwa mtihani. Nilipohitimu stashahada ya upimaji ardhi, nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu kuwa nayo, na nafasi ya pili niliiacha wazi muda mrefu sana.

Nilirudi miaka ile ya soko huria. Mitumba ilikuwa imejaa magengeni, kila mwenye gari alikuwa mnunuzi wa korosho, na ardhi ambayo zamani ulipewa kwa kuomba tu ilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Wenzangu wenye vyeti walibaki Dar kupima viwanja vya matajiri. Mimi nilirudi na darubini yangu ya kupimia, yenye miguu mitatu, niliyoinunua kwa jasho langu. Nikajenga nyumba ya bati na sakafu ya saruji. Stashahada niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni ikitazamana na mlango, na mama yangu akawa anaifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufagia uwanja. Sioni haya kusema nilipendeza.

Mama Wakili alifika kwetu kwa pikipiki, akaanguka uwanjani kwenye mchanga kabla hajasimama. Nilitoka mbio kumwinua.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Niache, nimeshazoea."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, amevaa soksi nyeupe na kandambili. Akajikung'uta, akaingia ndani, akasimama mbele ya stashahada yangu, akaisoma yote bila kuruka mstari.

"Hii inaweza kupanda mteremko?" akauliza.

"Stashahada?"

"Mwenyewe."

"Mama, mimi nimepima viwanja kuanzia—"

"Sijakuuliza ulikopima, mwanangu. Nimekuuliza magoti."

Mama yangu, aliyekuwa akimenya muhogo barazani, alijibu kabla yangu. "Magoti anayo. Hajayatumia sana, bado mapya."

Wote wawili wakacheka kama watu waliocheza pamoja utotoni. Tangu siku hiyo sikuitwa tena jina langu. Niliitwa Stashahada, na kama lilikuwa tusi, mimi sikulihisi.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Masasi mjini, ubavuni mwa mashine ya kusaga, kwa hiyo kesi zote zilisemwa kwa kupaza sauti na majalada yote yalikuwa na unga. Alikuwa amefanya kazi serikalini Dar, na soko lilipofunguliwa makampuni mapya yalimtaka. Angeweza kuwa na gari lenye kiyoyozi. Alichagua pikipiki na mchanga, kwa sababu alisema kesi za makampuni zinaweza kusubiri lakini mteremko uliofyekwa hausubiri mvua.

Alikuwa na desturi moja iliyowatesa wateja wake. Ukiingia kwake na malalamiko, alikuwa hakupi nafasi ya kuyasema. Alikuambia, "Nieleze kwanza kesi ya mwenzako. Isemee vizuri, kama unalipwa." Namkumbuka mzee mmoja wa Lupaso aliyekuja kumshitaki shemeji yake kwa kusogeza mpaka wa shamba. Aliagizwa hivyo hivyo. Akaanza kwa kunung'unika, akaendelea kwa nguvu, akaeleza jinsi shemeji alivyopalilia kipande kile miaka yote mzee mwenyewe alipokuwa mgonjwa, akaishia hapo. Akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi, baba?" Mama Wakili akamuuliza.

"Nyumbani. Nimeshindwa."

Basi, akina mama wa kijiji kimoja ng'ambo ya Kitangari walimfuata ofisini. Kijiji chao kiko pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na kushuka bondeni. Juu hakuna maji. Mvua yote inanywewa na mchanga, inakwenda kutokea chini ya mteremko. Wanawake wa pale hushuka na ndoo asubuhi, wakapanda nazo kichwani. Mama Wakili mwenyewe alizaliwa upande huo, na alipenda kujigonga utosini akisema, "Hapa pamesawazishwa na debe la maji. Ndiyo maana siku ya mahafali kofia yangu haikuyumba."

Mteremko ule ulikuwa na msitu mzito, na msitu ndio uliokuwa ukiishika chemchemi. Sasa mfanyabiashara mmoja wa korosho alikuwa ameutamani. Alitaka kuufyeka wote, apande shamba kubwa la mikorosho, na kwa shukrani aliahidi kuezeka shule ya kijiji kwa bati. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanaosoma chini ya makuti yanayovuja, na bati zilimwingia moyoni. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umepangwa baada ya wiki mbili kuamua.

Mama Wakili alinieleza jambo lenyewe kwa maneno machache. Mkutano ukikubali kuutenga msitu uwe wa kijiji, na kukawa na ramani yenye mipaka inayoonekana ardhini, wilaya itauthibitisha na hakuna atakayeugusa. Mkutano ukikataa, msitu utafyekwa kabla ya masika. Alishaona mteremko mwingine ukifyekwa. Baada ya mvua tatu chemchemi yake ilikuwa tope, na wanawake wakawa wanatembea nusu siku kutafuta maji.

"Kwa hiyo unahitaji mpimaji," nikasema.

"Nahitaji mpimaji. Lakini aliyepo ni wewe."

Nilipima siku tatu. Magoti yalilia, lakini kazi nilifanya, tena kazi safi. Hata leo mtu akirudia vipimo vyangu hatakuta kosa la zaidi ya upana wa kiganja. Bibi mmoja, mfupi, mwenye ndonya, lile pambo la mti la wazee wa kwetu, kwenye mdomo wa juu, alitembea nami siku zote tatu akinionyesha msitu unaanzia wapi na mashamba ya watu yanaishia wapi. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniitikia marahaba na kunipa karanga.

Tatizo lilikuwa bikoni, yaani zile alama za zege ambazo mpimaji huzichimbia kwenye kona za mpaka. Saruji ilikuwa mbali, na gari halishuki kule. Vigingi vya miti vingeliwa na mchwa kabla ya mkutano. Mama Wakili alikuwa Mtwara kwenye kesi nyingine, hakuna wa kumuuliza. Nikakaa juu ya jiwe, nikafikiri kama nilivyofundishwa, na wazo likanijia, nikajipongeza mwenyewe kwa sauti. Alama hai! Mti unaota, mchwa hauli, mvua haing'oi. Na mti gani utakubali mchanga wa uwanda kuliko mkorosho? Nikapeleka mtu Kitangari kwa muuza miche, nikaleta miche kwenye matenga, nikapanda mmoja mmoja kwa mkono wangu kwenye kila alama niliyoipima. Miche thelathini na minane, kuuzunguka msitu mzima, imenyooka kama uzi. Nilimaliza jua likiwa bado juu, nikasimama mikono kiunoni, nikajiona.

Msomaji wa kutoka kwetu ameshaweka kitabu chini na kujishika kichwa. Wa mahali pengine nimweleze. Kwetu ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda. Unaweza kuazimwa shamba ulime mahindi, ulime muhogo, uvune, urudi mwaka ujao. Lakini mkorosho huruhusiwi kupanda, kwa sababu aliyepanda mkorosho ameketi, na kumwondoa ni kazi ya vizazi. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini Dar nilikuwa nimepima viwanja miaka mingi, na Dar mti ni kivuli tu. Nilisahau. Mtu mwenye stashahada, mzaliwa wa Mkunya, nilikuwa nimeuzungushia msitu wa watu mikorosho yangu.

Kesho yake asubuhi nilipita njia ya chemchemini. Yule bibi alikuwa anakuja na ndoo. Kabla sijafungua mdomo, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

Nilishangaa. Mtu wa umri wa bibi yangu! Lakini nikawaza, labda wameiona kazi, wameona mistari ilivyonyooka, wanampa msomi heshima yake. Naomba radhi kwa Mungu na kwa wazee wote, niliitikia.

"Marahaba, bibi."

Mbele kidogo nikakutana na wazee wawili wenye majembe. Wakavua kofia. "Shikamoo, mwenye msitu." Nikaitikia tena, ila safari hii nikaharakisha kupita. Kwenye njia panda walikuwapo wanawake kumi au zaidi, wameweka ndoo chini, wakasema kwa pamoja kama darasa, "Shikamoooo!" Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo akili ilipopanda mteremko na kunifikia.

Mwenyekiti alinikuta nimeketi nje ya ofisi ya kijiji. Karibu yake alikuwa wakala wa yule mfanyabiashara, kijana mwenye mkoba, anatabasamu kama aliyeokota korosho zilizobanguliwa.

"Tulidhani Mama Wakili anatutetea," mwenyekiti akaniambia. "Kumbe anatutangulia. Tajiri anataka msitu kwa bati. Ninyi mnautaka bure."

"Mwenyekiti, ile ni mipaka tu."

"Mipaka inazaa korosho?"

Wakala ndiye aliyejibu. "Mtoto wa nyumbani akikuibia, heri mgeni anayelipa," alisema, na nikaona mwenyekiti anaitikia kwa kichwa.

Mama Wakili alirudi siku mbili kabla ya mkutano. Nilimngoja barabarani mwenyewe, nikamweleza yote nikiwa nimetazama chini. Kisha nikasikia sauti kama ya injini inayokataa kuwaka. Nikainua macho, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye mchanga, soksi zake nyeupe zimenyooka mbele.

"Ukaitikia?"

"Niliitikia."

"Bibi mwenye ndonya alikuamkia, ukaitikia marahaba?"

"Mama, tafadhali."

"Wewe ulizaliwa wapi? Mama yako alikuzalia Ulaya?" Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu uso wake ukabadilika, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. "Stashahada, msitu huu ukienda, watasema umekwenda kwa sababu yangu. Na kesho kijiji kingine kikitaka kuulinda wa kwao, hakuna atakayenifungulia mlango. Jina ndilo pikipiki yangu. Sina nyingine."

"Nikaing'oe leo," nikasema. "Yote, kabla jua halijazama."

"Ukiing'oa umekiri wizi. Na kung'oa mkorosho uliokwisha shika ni laana, hata wako mwenyewe. Iache." Akafikiri. "Mjomba wako yupo Mkunya?"

"Yupo. Lakini mimi na yeye hatuelewani sana."

"Vizuri. Asiyekupenda sana ndiye shahidi mzuri."

Mkutano ulijaa. Watu waliketi kwenye uwanja wa shule, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na ule upande wa wanawake ndio uliokuwa mkubwa. Mwenyekiti alimpa Mama Wakili nafasi kwa shingo upande. Akasimama.

"Nimekuja kumshitaki Mama Wakili," akasema.

Watu wakatazamana.

"Huyu mwanamke amesoma. Anakuja hapa na pikipiki isiyojua kusimama, anawaambia msitu ni wenu, msimpe tajiri. Kumbe ana mtu wake! Tena anamtuma siku ambayo yeye mwenyewe yuko Mtwara, ili asionekane. Mtu anapanda mikorosho kuuzunguka msitu wote. Kesho mtaona hati, keshokutwa mtaona uzio, mtakwenda kuomba maji mlangoni kwake. Tajiri angalau analeta bati za shule. Huyu ataleta nini? Ganda la muhogo aliotafuna?"

Wanaume walipiga makofi. Wakala naye alipiga, halafu akaona wanawake wanamtazama, akaiacha mikono yake mapajani.

"Nimekosea wapi?" Mama Wakili akauliza.

"Hukukosea!"

"Kuna nililosahau?"

Bibi mwenye ndonya akanyanyua mkono. "Umesahau kwamba niliinama, na huyu mtoto akaitikia!"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka Kitangari. Nilicheka nami, maana kujizuia kungekuwa kubaya zaidi. Na watu waliokwisha kucheka pamoja hawarudi haraka kwenye hasira. Nafikiri alilijua hilo.

"Sasa aliyepanda asimame," akasema. Nikasimama. "Nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Ulipanda kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Kwa desturi ya uwanda huu, mikorosho hiyo ni ya nani?"

Nikisema si yangu, nimedanganya mbele ya kijiji kizima. Nikisema ni yangu, nimejitangaza mwizi. Nilimtazama, naye akanitazama bila kunisaidia hata kwa kope.

"Ni yangu," nikasema.

Kelele zikapanda. Alizisubiri zishuke zenyewe, akauliza kwa upole, "Na mtoto wa uwanda huu, mali yake inasemewa na nani?"

"Mjomba wake!" wakaitikia wote.

"Basi mjomba wake amekuja."

Mjomba wangu, kaka wa mama, alitokea nyuma ya umati. Alikuwa amevaa koti zito ambalo sijawahi kumwona nalo isipokuwa misibani. Alikuja na lori la asubuhi, na vumbi la lori alikuwa nalo bado kwenye nyusi.

"Mimi ndiye mjomba wa huyu mwenye karatasi kwenye kioo," alianza. "Tulimpeleka Dar akiwa na akili zake zote—"

"Hamkunipeleka, nilikwenda mwenyewe," nikasema.

"Nyamaza, naongea na watu. Amerudi na darubini. Anaona mbali sana, miguuni kwake haoni. Sawa, ni wetu, hatumtupi. Mikorosho aliyopanda mtoto wa dada yangu ni ya ukoo, na msemaji wa ukoo ni mimi. Mimi sitaki ukoo wangu uwe na miti kwenye maji ya watu. Naitoa leo, mkinisikia wote. Inapewa akina mama wanaoteka chemchemi ile, kila mmoja mche wake, yeye na watoto wa tumbo lake. Atakayekuja kuudai kwa jina letu, semeni mjomba amesema hamjui."

Akaketi. Kisha bibi mwenye ndonya akasimama, akaja mpaka nilipo, akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Niamkie," akasema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Na vigelegele vikapasuka.

Mama Wakili alikuwa bado hajamaliza. Alimgeukia wakala. "Ndugu yangu, mteremko bado mnautaka? Karibuni. Lakini mche ni mali ya mtu, na kuupita kwenda msituni lazima mwenyewe aridhie. Mkutane na kila mama. Akikubali, mkamtafute mjomba wake. Naye akikubali, mje wote ofisini kwangu tuandike. Ni akina mama thelathini na wanane tu."

"Wangu yuko Msumbiji!" sauti ikatoka upande wa wanawake. "Tangu vita vya kule hajarudi!"

"Wangu amekufa, na mrithi wake wanamgombania mpaka leo!"

"Wangu mzima, ila hasikii. Umwandikie. Na kusoma hajui!"

Kijana alifunga mkoba wake. Nilimwonea huruma, hakuwa mtu wa uwanda, hakuna aliyemfundisha kwamba hapa mtu mmoja ni watu wawili, yeye na mjomba wake. Mkutano ukapiga kura ya mikono, msitu ukatengwa, muhtasari ukaandikwa, mwenyekiti akatia sahihi. Bati za shule hazikuja mwaka ule, sitalificha. Zilikuja mwaka wa tatu, baada ya Mama Wakili kumsumbua kila mtu Masasi na Newala aliyekuwa na mlango wa kubisha.

Jambo ambalo hata yeye hakulitegemea lilitokea kiangazi. Kwetu vijana huchoma pori kutafuta panya wa kitoweo, na moto huo ndio ulioumega msitu kidogo kidogo kila mwaka. Lakini mwenye mkorosho hupalilia chini yake na kufagia, kama mtu anavyofagia mlangoni. Kila mama alisafisha pake, kisha akamcheka jirani ambaye hajasafisha, jirani naye akasafisha zaidi kwa hasira. Njia safi ikauzunguka msitu mzima. Moto ulikuja, ukafika pale, ukafa. Vijana wakalalamika kwamba panya wote sasa wamehamia msituni, wananenepa bure.

Ilibaki wilaya kuthibitisha. Alitumwa ofisa kijana, viatu vinang'aa, faili kwapani. Alisimama ukingoni mwa uwanda, akatazama chini. Miche ilikuwa bado fupi, haifiki magotini, na kutoka juu huoni kitu ila kijani na kijani.

"Bikoni ziko wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamwonyesha ramani, na ramani aliisifu, kama ilivyostahili. Lakini akatikisa kichwa. "Mpaka lazima uonekane, kaka. Siwezi kuandika nimeona nisichokiona. Itabidi faili lirudi."

Faili likirudi, sote tulijua, lingelala kwenye kabati, na mwenye subira ya kufyeka angepata nafasi yake. Mwenyekiti alinitazama. Nami sikuwa na wazo, nasema kweli, pamoja na stashahada yangu.

Mama Wakili alikuwa ameketi kwenye gogo, anamenya muhogo. Hakutaja kifungu hata kimoja cha sheria. Aliwaita akina mama waliokuwa wamekusanyika na ndoo zao. "Kila mtu aende kwenye mche wake. Ndoo kichwani. Asiondoke mpaka nimwambie."

Wakashuka. Tuliwaona wakipotea kwenye majani, wanacheka, wanaitana. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha wakaanza kuota. Khanga nyekundu hapa, ya njano pale, ndoo ikimeta kwenye jua, nyingine, nyingine, ikazunguka bega la mteremko, ikashuka mpaka karibu na chemchemi, ikapanda upande wa pili. Nikasimamisha darubini yangu, nikaweka jicho. Nimepima mistari mingi maishani, Dar na kwingineko. Mstari wa namna ile sijauona tena.

"Wa kumi na saba!" Mama Wakili alikuwa amesimama, mikono mdomoni kama tarumbeta. "Toka kivulini! Rudi kwenye mche!"

Khanga moja ikasogea kushoto, ikaingia mahali pake.

Ofisa aliomba kutazama. Akainama, akatazama muda mrefu, akahesabu kwa midomo. Akasimama, akajifuta jicho lake la darubini, akainama tena.

"Nimeshaona," akasema mwishoni. "Sasa natazama tu."

Akafungua faili. Meza haikuwepo, kwa hiyo Mama Wakili akageuka, akampa mgongo, ofisa akaandika na kugonga mhuri juu ya mgongo wake, naye akilalamika kwamba anatekenywa. Kule chini walikuwa bado wamesimama, ndoo kichwani, hawajui lolote. Mama Wakili akafungua kitenge chake cha kichwani, akakipunga juu mara tatu.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa bibi mwenye ndonya, mche wa kwanza, upande wa Kitangari. Wa pili akakipokea, wa tatu akakipokea, kikaenda mti kwa mti kuufuata mpaka, kikashuka mpaka majini, kikapanda, kikauzunguka msitu mzima, na kilipofika kwa yule wa mwisho, yeye hakukiacha kiishe. Akakianzisha upya.